Bibi, Mwalimu na Mizani: Lugha za Nyumbani Kwetu na Kiingereza cha Watoto Wetu

Maelezo ya kamati ya elimu mbele ya mkutano wa mwaka wa wana-Vigwaza

   

Kamati ya elimu tumepewa kazi ya kueleza jambo ambalo kila mwaka linajitokeza kwenye kikao hiki, halafu linafunikwa na mengine. Kila tunapojadili matokeo ya kidato cha nne, mtu husimama na kusema: "Watoto wetu wanafeli kwa sababu ya Kiingereza." Mwingine anajibu: "Wanafeli kwa sababu nyumbani wanaongea Kikwere na Kiswahili cha mitaani." Wa tatu anasema tuwahamishie wote shule za ingilishi midiamu. Kisha chakula kinaletwa, tunakula, tunaagana. Safari hii tumeona tulizungumze mwanzo hadi mwisho, kwa sababu fedha tutakazoomba leo zinakwenda huko.

Tuanze na nyumbani. Vigwaza tunazungumza nini?

Wenyeji wa ukanda huu ni Wakwere na Wazaramo, na jirani zetu wa karibu ni Wadoe, Wazigua, Wakutu na Waluguru. Lugha zao ni ndugu wa tumbo moja. Mkwere na Mluguru wakikaa chini wakasemezana taratibu, kila mmoja kwa lugha yake, watafika pazuri. Kikwere chenyewe, ambacho wazee wanakiita Ng'hwele, ndicho kilichokuwa lugha ya shamba, ya jando, ya mkole na ya msiba. Mwali alipofundwa na kungwi, mafunzo na nyimbo vilikuwa katika lugha hiyo, na mpaka leo ziko nyimbo ambazo mwenye Kiswahili pekee anaitikia tu bila kujua anachoitikia.

Juu ya lugha hizo kuna Kiswahili, nacho si mgeni kwetu. Bagamoyo ni mji wa Kiswahili wa tangu zamani, na Kimrima cha pwani hii kimefika bara na misafara kabla hajaja Mjerumani. Reli ya kati ilifika Morogoro mwaka 1907 ikiwa imepita hapa Ruvu, na watu wa makabila mengine wakashuka humo. Mashamba ya mkonge yakaleta vibarua. Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970 ikatuweka pamoja tuliokuwa tumetawanyika. Barabara kuu ikaleta wauza matunda, mafundi, madereva na wapangaji. Pale ambapo watu wa lugha nyingi wanakaa mtaa mmoja, lugha inayowaunganisha ndiyo inayoshika nyumba. Kiswahili kimeshika nyumba zetu.

Halafu wako ndugu zetu wafugaji. Chamakweza na vitongoji vya jirani kuna Wamasai na Wabarabaigi. Kimasai na Kibarabaigi si lugha za Kibantu kabisa. Mtoto wa Kikwere akianza shule na kukuta maneno "mtu" na "watu", anayasikia kama maneno ya jamaa yake, kwa sababu lugha yake nayo inapanga maneno kwa namna hiyo hiyo. Mtoto wa Kibarabaigi anaanza upya. Yeye Kiswahili anakisoma kama vile mwenzake atakavyokuja kukisoma Kiingereza. Kwa hiyo tunaposema "watoto wa Vigwaza", tukumbuke kwamba wengine wana ngazi moja ya kupanda na wengine wana mbili.

Hali ya leo, kwa kifupi, ni hii: bibi anasema Kikwere, mama anajibu nusu Kikwere nusu Kiswahili, mtoto anajibu Kiswahili, na mjukuu aliyekulia Dar es Salaam anauliza bibi amesema nini. Haya tumeyaona katika nyumba zetu wenyewe na wala hatukuhitaji mtafiti. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kiliendesha Mradi wa Lugha za Tanzania kuanzia 2001, na mwaka 2009 kikatoa Atlasi ya Lugha za Tanzania. Nchi yetu ina lugha zaidi ya 120, na nyingi kati yake zinapita njia hii hii: wasemaji wanazeeka na watoto hawazirithi.

Sasa tuje kwenye lile swali. Je, ni kweli lugha za nyumbani ndizo zinazowazuia watoto wetu kujua Kiingereza?

Tunasema hapana, na tunayo mifano ya watu.

Wa kwanza ni wa huku kwetu. Mtoro bin Mwinyi Bakari alizaliwa Dunda, upande wa Bagamoyo, katika karne ya 19. Alikuwa mtu wa dini, mwalimu, mwenye lugha za huku na Kiarabu cha chuoni. Mwaka 1900 alikwenda Berlin kufundisha Kiswahili kwa Wajerumani, na maandishi yake ndiyo yaliyo kiini cha kitabu Desturi za Wasuaheli kilichochapishwa mwaka 1903. Zaidi ya miaka 100 imepita na wasomi wa dunia bado wanakisoma. Hakuwa na haja ya kutupa lugha ya kwao ndipo asimame mbele ya darasa la Wazungu. Alichokuwa nacho ni kwamba lugha alizozijua, alizijua hasa.

Wa pili tunamjua sote. Mwalimu Nyerere alikua akisema Kizanaki. Alianza shule Mwisenge, Musoma, mwaka 1934 akiwa na umri wa miaka 12, na huko ndiko alikojifunzia Kiswahili, na Kiingereza baadaye. Mtu huyo huyo akaja kumtafsiri Shakespeare kwa Kiswahili; Mabepari wa Venisi ilitoka mwaka 1969. Lugha ya kwanza haikumziba masikio.

Tena kuna sababu ya kawaida tu, ambayo mwalimu yeyote wa darasa la kwanza anaijua. Kusoma mtu hujifunza mara moja. Mtoto akishaelewa kwamba alama hizi ni sauti, na sauti hizi ni maneno, na maneno haya yana habari ndani yake, amejua kusoma, na ujuzi huo atauhamishia lugha nyingine yoyote. Kiswahili ni rahisi kujifunzia kusoma kwa sababu kinaandikwa kama kinavyosemwa: "u" ni "u" popote ilipo. Kiingereza sivyo. Neno "cut" na neno "put" yana "u" moja katikati, lakini yanasomwa tofauti. Mtoto ambaye hajaelewa kusoma kwa lugha anayoijua, akaanzishiwa kwenye lugha yenye mitego namna hiyo, anakariri sura za maneno. Akifika darasa la nne anaimba ukurasa mzima kwa sauti nzuri, na ukimuuliza umesoma nini, anakuangalia.

Basi kama si lugha ya nyumbani, tatizo liko wapi?

Tatizo liko kwenye mlango wa kidato cha kwanza.

Mwaka 1967, mwaka wa Azimio la Arusha na Elimu ya Kujitegemea, Kiswahili kilifanywa lugha ya kufundishia shule za msingi. Sekondari ikabaki Kiingereza. Ilitegemewa kwamba sekondari nayo itafuata. Mwaka 1982 Tume ya Rais ya Elimu, ile tuliyozoea kuiita Tume ya Makweta, ilipendekeza sekondari ianze kufundisha kwa Kiswahili kuanzia 1985. Pendekezo hilo halikutekelezwa. Mwaka 1984 wataalamu wawili, Criper na Dodd, waliwapima wanafunzi wa nchi nzima, wakakuta kwamba katika kidato cha nne ni kama mmoja tu kati ya 10 aliyefikia kiwango cha Kiingereza ambacho mtu angetarajia ndipo aanze kufundishwa kwa lugha hiyo. Tafakarini: waliokuwa wanamaliza kidato cha nne, mmoja kati ya 10 alikuwa tayari kuanza.

Sera ya Elimu na Mafunzo ya 1995 ilithibitisha Kiingereza sekondari. Sera ya 2014 ilifungua mlango wa Kiswahili ngazi zote. Toleo lake la 2023, lililozinduliwa Dodoma Januari 2025, limekibakiza Kiingereza sekondari. Kwenye mjadala huo wa kitaifa kila mmoja wetu ana mtazamo wake, hata ndani ya kamati hatufanani. Lakini mtoto wa Vigwaza anayeingia kidato cha kwanza Januari ijayo hawezi kusubiri tumalize mjadala.

Tuangalie kinachompata mtoto huyo. Septemba anafanya mtihani wa darasa la saba. Sayansi, hisabati, maarifa ya jamii, vyote kwa Kiswahili. Anajua mmea unajitengenezea chakula kwa mwanga wa jua. Anajua kukokotoa eneo la mstatili. Januari anaingia darasa jingine, na vitu vyote alivyovijua vimebadilishwa majina. Mwalimu anasema mambo yale yale, lakini mtoto anahisi kama hajawahi kuyasikia. Anaacha kuuliza maswali kwa sababu swali analo kwa Kiswahili. Anaanza kunakili ubaoni. Anakariri. Miaka minne baadaye mtihani unamtaka aeleze, na kueleza hakujawahi kuwa kazi yake.

Mwalimu naye yuko kwenye mtego. Akifundisha kwa Kiingereza kitupu, darasa linanyamaza. Akieleza kwa Kiswahili, wanaelewa, ila mtihani utakuja kwa Kiingereza. Wengi wanachanganya, na hatuwalaumu, wanafanya kinachowezekana. Kuanzia 2002 watafiti wa Tanzania, Afrika Kusini na Norway, akiwamo Profesa Martha Qorro wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, walijaribu kufundisha masomo yale yale ya kidato cha kwanza kwa madarasa mawili, moja kwa Kiswahili na moja kwa Kiingereza. Waliofundishwa kwa Kiswahili walielewa zaidi na walizungumza zaidi. Profesa Qorro amekuwa akisisitiza jambo ambalo wazazi wengi hatulipendi: kufundishwa jiografia kwa Kiingereza si sawa na kufundishwa Kiingereza. Mtoto anajua lugha kwa kufundishwa lugha, na mwalimu anayeijua, na vitabu, na muda.

Hilo ndilo tunaloomba mlibebe kutoka hapa. Kiingereza ni somo la kufundishwa vizuri. Hakiji kwa kumpiga marufuku mtoto asiseme lugha ya mama yake. Yako mashule nchini ambako mtoto akiteleza akasema Kiswahili anavalishwa kibao shingoni mpaka amkamate mwenzake. Kibao hicho hakimfundishi neno hata moja la Kiingereza. Kinamfundisha kunyamaza.

Kuhusu ingilishi midiamu: mzazi mwenye uwezo na aliyeona shule nzuri, ni haki yake, hatumnyooshei kidole. Lakini ada ya shule hizo haiwezi kuwa jibu la kata nzima. Watoto walio wengi wa Vigwaza wako shule za serikali na watabaki huko. Na si kila ubao wa rangi uliopakwa maneno ya Kiingereza nje una Kiingereza ndani. Kabla hujalipa, ingia darasani, sikiliza mwalimu anavyosema.

Ndugu zetu, wengine mtauliza: haraka ya nini, mbona tumeishi hivi tangu 1967? Haraka ipo, na tunaitaja kwa sababu mbili.

Ya kwanza ni mwaka 2028. Katika mtaala mpya ulioanza kutumika 2024, elimu ya msingi inakuwa ya miaka sita badala ya saba. Watoto walioingia darasa la tatu mwaka 2024 watamaliza darasa la sita mwaka 2027. Mwaka huo huo wa 2027 kaka na dada zao watakuwa wanamaliza darasa la saba kwa utaratibu wa zamani. Maana yake Januari 2028 makundi mawili yataingia kidato cha kwanza kwa pamoja. Viti, madawati na walimu vitagawanywa mara mbili. Na lile kundi la darasa la sita litakuwa limesoma Kiingereza mwaka mmoja pungufu kuliko wenzao. Mtoto aliyeyumba mlangoni wakati darasa lina watoto wachache, atakuwaje darasa likifurika?

Ya pili iko mbele ya macho yetu. Barabara ya zege ya kilomita 15.5 inatoka hapa Vigwaza kwenda Kwala. Bandari Kavu ya Kwala imezinduliwa rasmi Julai 2025. Treni ya SGR inapita na ina kituo Ruvu. Viwanda vinajengwa. Kwenye mizani, malori ya kwenda Zambia, Kongo, Rwanda na Burundi yanasimama usiku na mchana. Kazi za pale ni za karatasi: hati ya mzigo, fomu ya forodha, namba ya kontena, mkataba, barua pepe. Karatasi hizo nyingi ni za Kiingereza. Zikija nafasi za ukarani, uwakala wa forodha, ufundi wa mashine na usimamizi wa ghala, nani atazichukua? Watatoka mbali vijana wenye kujua kusoma fomu, wapange vyumba kwetu, nasi tuwauzie chai na maandazi. Hakuna ubaya kuuza chai, lakini isiwe ndiyo kazi pekee iliyobaki kwa mwenye ardhi.

Na tusidhani Kiingereza kinachotakiwa pale ni cha kutia puani. Kinachotakiwa ni kuelewana. Toeni mfano huu kwa vijana wenu. Kwetu mtu akikuuliza, "Huna cheti?" nawe huna, unajibu "Ndiyo", yaani ni kweli sina. Kwa Kiingereza ukiulizwa swali hilo hilo ukajibu "Yes", umesema unacho. Kijana ameonekana mwongo kwenye usaili, kumbe amejibu kwa adabu ya kwao. Mfano mwingine: kwetu "amekuja" ni mume au mke, lugha haibagui. Kiingereza kinabagua, ndiyo maana watu wetu wengi wanamwita mama "he". Kwetu tunasema "mtoto mzuri", sifa inafuata nyuma; wao sifa inatangulia. Mambo haya matatu mwalimu anayejua lugha zote mbili anayafundisha kwa siku moja, na mtoto anacheka na kuyashika. Mwalimu asiyelinganisha lugha anaweza kuyasahihisha miaka minne kwa kalamu nyekundu bila mtoto kujua kosa lake ni nini. Hapo mnaona faida ya lugha ya nyumbani: ndiyo kipimo ambacho mtoto anapimia lugha mpya.

Baada ya maelezo hayo, kamati inaleta mambo manne. Makadirio ya gharama yako kwenye fomu ya ahadi iliyo katika jarida hili.

La kwanza ni darasa la maandalizi. Kati ya mtihani wa Septemba na kufungua shule Januari, mtoto aliyemaliza yuko nyumbani zaidi ya miezi mitatu. Wengine wanachunga, wengine wanauza karanga kwenye mabasi, wengine wa kike ndio kipindi wanachopotea kabisa. Tunataka kuanzia Oktoba hadi Desemba, asubuhi, watoto hao wakae darasani wafundishwe Kiingereza cha kidato cha kwanza: maneno ya hisabati, ya sayansi, ya jiografia, namna ya kuuliza swali, namna ya kuandika sentensi kamili. Si lazima na hakuna mzazi atakayedaiwa. Litaendeshwa kwa ruhusa ya walimu wakuu na afisa elimu kata. Tunachohitaji ni posho ya walimu, vitabu, na uji.

La pili ni vitabu vya kusoma. Mtoto hawezi kuzoea lugha kwa kitabu kimoja kinachoshikwa na watu watano. Tunataka kila shule ya msingi ya kata iwe na kabati la hadithi fupi, za Kiswahili kwanza na za Kiingereza chepesi pembeni, na kila darasa la sekondari liwe na kamusi za Kiingereza na Kiswahili zisizofungiwa ofisini. Kabati liwe na mtu wa kuazimisha na daftari la kuazimisha. Kitabu kichakae mikononi, kisiliwe na mchwa.

La tatu ni watoto wa wafugaji. Tunapendekeza madarasa ya awali ya upande wa Chamakweza yapate msaidizi anayejua Kimasai au Kibarabaigi, kijana wa pale pale aliyemaliza kidato cha nne, wa kumshika mtoto mkono katika mwaka wa kwanza. Tunajua tulikopita, wakulima na wafugaji, juu ya mashamba na maji. Watoto wanaoelewana kwa lugha darasani watakuja kuelewana mbugani.

La nne ni lugha ya wazee. Najua wako watakaosema hapa kamati imepotea: tunatafuta Kiingereza, Kikwere kinaingiaje? Kinaingia hivi. Tumewaambia watoto wajue lugha kwa undani. Basi tuwape kazi ya kweli. Wanafunzi wa sekondari waende kwa bibi na babu, warekodi kwa simu hadithi, methali, majina ya miti ya dawa, ya samaki wa Ruvu, ya mbegu na majira. Waandike Kikwere au Kizaramo upande mmoja, Kiswahili katikati, Kiingereza upande wa tatu. Mtoto atakayeweza kuandika ukurasa huo mmoja kwa lugha tatu, huyo mtihani hautamtisha. Nasi tutabaki na daftari la maneno yetu. Kila mzee tunayemzika sasa anaondoka na maneno ambayo hayapo kwenye kamusi yoyote. Hili ndilo la bei rahisi kuliko yote manne, na ndilo pekee lisiloweza kufanywa tena likichelewa.

Kuna wenye hofu kwamba kugusa lugha za makabila ni kurudisha ukabila. Hofu hiyo tunaiheshimu, kwa sababu umoja wa nchi hii ulijengwa kwa jasho na Kiswahili ndicho kilichoufunga. Lakini hatuombi Kikwere kiwe lugha ya mkutano wala ya ofisi. Tunaomba kiandikwe. Na Wakwere tuna watani wengi mno; hatuwezi kuwa wakabila, wasingetuachia.

Kwa ninyi mnaoishi mbali, Dar es Salaam, Dodoma, na wale walioko nje ya nchi, tuna ombi ambalo halimo kwenye fomu. Fedha zenu tunazihitaji, msituelewe vibaya. Ila mnayo hazina nyingine. Ninyi mmevuka mlango ule wa kidato cha kwanza mkafika mlikofika. Mkija likizo Desemba, ingieni darasa la maandalizi saa moja tu. Muwaambie watoto mlivyosoma neno moja moja kwa kamusi, mlivyochekwa mkaendelea. Na watoto wenu mliowazaa huko, wanaojua Kiingereza na hawajui Kikwere, waleteni. Wasome na wenzao hadithi za Kiingereza asubuhi, na jioni wakae kwa bibi. Kila upande una kitu ambacho mwenzake hana.

Kwa wazazi mlioko nyumbani, msiseme "mimi sijui Kiingereza, nitamsaidiaje". Mzungumzishe mwanao kwa lugha unayoijua vizuri. Mpe hadithi. Muulize leo amesoma nini, akueleze kwa Kiswahili. Akishindwa kueleza kwa Kiswahili, hakuelewa, na hapo umeshajua zaidi ya karatasi ya matokeo. Mwache apate saa moja ya mwanga wa taa jioni. Hayo hayahitaji cheti.

Ndugu Mwenyekiti, tunamaliza. Watoto watakaoingia kidato cha kwanza mwaka 2028 tayari wako madarasani, tunawafahamu kwa majina na kwa ukoo. Tuna misimu miwili ya darasa la maandalizi ya kujifunzia namna ya kuliendesha kabla kundi hilo kubwa halijafika mlangoni: Oktoba 2026 na Oktoba 2027. Tukianza na shule moja mwaka 2026, tutajua makosa yako wapi na tutaingia msimu wa pili na shule zote za kata. Tukisubiri mpaka 2028, tutakuwa tunachangia kununua madawati ya watoto wasioelewa wanachofundishwa.

Haba na haba hujaza kibaba. Fomu za ahadi ziko mezani kwa mweka hazina, na risiti inatolewa hapo hapo. Taarifa ya mapato na matumizi itasomwa mbele yenu mkutano ujao, na mkitaka, tutaisoma kwa lugha tatu.